Chupa Haifunguliwi kwa Mtu Mmoja

Kabla hamjaniuliza kama sindano inauma: inauma. Inauma kidogo, inaisha, halafu mkono unakuwa mzito siku hiyo, unalalia upande ule mwingine, maisha yanaendelea. Nimeulizwa swali hilo tangu wazazi wenu wakiwa wamebebwa mgongoni na mama zao, na sitaki kuulizwa tena. Hilo tumemaliza.

Muthoni, katibu wenu wa vijana hapa kanisani, ndiye aliyenijia akasema, "Shosho, tuandikie kitu kuhusu kazi yako, kitu cha kututia moyo." Mkishaniita bibi hivyo sikatai, nikamwambia sawa. Lakini niwaambie ukweli mapema, siku hizi sina moyo wa kumtia mtu. Watu wamenichosha. Nimekuwa nesi wa chanjo maisha yangu yote ya kazi, Kalimoni, Githurai, Ruiru, nikamalizia Thika, nimestaafu, na ninapowaandikia haya nimekaa jikoni kwangu Mwihoko nikimsikiliza mume wangu akikohoa sebuleni. Kila akikohoa naweka kalamu chini, nasikiliza kama ni kile kikohozi kikavu au ni kile cha chini. Kwa hivyo mkiona nimekatiza maneno, mjue ni hiyo.

Mume wangu mnamjua. Ni Baba Njoroge, yule mzee mrefu wa kofia ya sufu anayekaa karibu na mlango wa pembeni, aliyekuwa akiitikia nyimbo kwa sauti nzito mpaka kwaya inapotea. Siku hizi haitikii. Korona ile ya kwanza ilimlaza hospitali, akarudi na mapafu ambayo hayajawahi kuwa sawa tena. Akipanda ngazi za hapa kwetu anasimama katikati na kujifanya anakagua rangi ya ukuta. Na ana sukari pia. Daktari wake alisema waziwazi kwamba huyu mzee asiingie kwenye msimu wa baridi bila busta, ile chanjo ya kuongezea nguvu. Hilo tu. Si operesheni, si dawa ya kutoka ng'ambo, ni sindano moja ya bure. Na hiyo sindano moja ndiyo nimeshindwa kumpatia, mimi niliyechanja nusu ya Githurai.

Nitawaeleza ni kwa nini, na humo ndani mtapata hiyo kazi mliyoniomba.

Chanjo hizi haziji moja moja. Zinakuja kwa kachupa kadogo, na kachupa kamoja kana dozi za watu kadhaa. Kakiwa kamefungwa kanakaa kwa friji bila neno. Ukishatoboa kile kifuniko cha mpira, basi, ni ya siku hiyo hiyo, na jioni kilichobaki kinamwagwa. Ndiyo maana nesi hafungui chupa kwa mtu mmoja. Anangoja watu watoshe. Kudunga sindano hata wewe Muthoni naweza kukufundisha asubuhi moja ukaelewa. Kukusanya watu ndiko kulikonitoa mvi.

Aliyenifundisha mimi alikuwa Sista Perpetua. Sista hapo ni nesi, si mtawa, na kama mngemsikia akigombana na watu wa kuleta maji hamngechanganya. Nilimkuta kwenye zahanati moja huko Kalimoni, mwanamke mfupi, mkali, na mimi bado viatu vyangu vyeupe vinang'aa. Wiki yangu ya kwanza akaja mama mmoja na mtoto wa chanjo ya surua. Mama analia, ametoka mbali, mvua inakuja. Mimi na roho yangu laini nikatoboa chupa. Sista Perpetua akarudi kutoka chai, akaona chupa, akaangalia benchi, hakuna mtu mwingine. Hakunipigia kelele. Alichukua mwavuli wake akanipa, akasema, "Sasa shika hiyo njia. Na usirudi mikono mitupu."

Nikapita kwa mashamba ya watu na vile viatu, nikiita akina mama waliokuwa wanapalilia mahindi, "Mama, huyo mtoto amepata ya surua?" Wengine walidhani naiba watoto. Mzee mmoja alinifungulia mbwa. Lakini nilirudi na akina mama nyuma yangu, nina matope mpaka magotini, na ile chupa ikaisha. Jioni nilimkuta Sista Perpetua kwa mfereji, anaviosha vile viatu yeye mwenyewe. 

Mengine alinifundisha kidogo kidogo. Usianze na mwoga, kwa sababu akipiga nduru tu, benchi lote linakumbuka limeacha maharagwe jikoni. Anza na yule mama anayecheka. Usianze pia na mwanaume anayetangaza kwamba haogopi, maana huyo ndiye huanguka, na ni mzito kuinua. Mwambie mtu alegeze bega, kisha muulize habari za ng'ombe wake. Akianza kukujibu, umeshamaliza.

Na huku kwetu kuna jambo la sweta. Mwezi wa saba mtu wa huku amevaa fulana, shati, sweta, sweta ingine, halafu jaketi juu. Kuutoa huo mkono nje ni kazi kuliko kuudunga. Kule Ruiru mzee mmoja alikwama na sweta kichwani, mikono juu, akawa ananiuliza kutoka huko ndani kama tumemaliza. Hatukuwa tumeanza. Tangu hapo nikawa natangaza kila mahali: njooni na sweta ya vifungo, ya kufungua mbele. Kanisani, sokoni, kwa mikutano ya chifu. Watu walinicheka. Wakaja na za kuvaa kichwani.

Halafu ikaja hii korona, ikapindua kila kitu nilichojua kuhusu kukusanya watu. Chanjo zilipofika mara ya kwanza sikuhitaji kumwita mtu. Walijaa mpaka barabarani. Kila mtu alikuwa na mjomba anayemjua daktari. Mmoja alijiita pasta ili apite mbele, nikamuuliza kanisa lake liko wapi, akaanza kuangalia dirishani. Chupa zilikuwa zinaisha kabla jua halijapanda vizuri, na watu wanalia. Nikawaza, Sista Perpetua angeyaona haya angekaa chini.

Hofu ilipoisha, watu nao wakaisha. Hawakuisha pole pole, walipotea tu. Ilipofika zamu ya busta nilikuwa nimekaa pale Thika na friji imejaa, nimetandika kitambaa, nimepanga pamba, ninaangalia mlango. Wale wale waliokuwa wanasukumana wanapita nje wananipungia mkono. "Sista, bado uko na hiyo maneno ya korona?" Nilistaafu nikiwa hapo, nikiangalia mlango.

Na sasa tazameni baridi hii. Ukungu unakaa Mwihoko mpaka katikati ya asubuhi, nyumba za kupanga zimebanana, madirisha yamefungwa na kuzibwa na matambara, ploti nzima inakohoa. Ukiuliza unaambiwa, "Ni homa tu." Mtu anatetemeka mbele yako, hasikii harufu ya kitunguu kikiungua, na bado ni homa tu, ni hii baridi. Anaenda kwa chemist anasema, "Nichanganyie dawa ya homa," na anachanganyiwa vidonge vya kila rangi kwa kikaratasi, ambavyo hata aliyevichanganya hajui vinaenda kufanya nini huko. Jioni anajifukiza na majani ya mkaratusi chini ya blanketi. Sina ubaya na mkaratusi. Tangawizi pia kunyweni, ni tamu. Ubaya wangu ni kwamba kesho yake huyo mtu anakuja kanisani, anapenga kamasi, halafu na mkono huo huo anamsalimia Baba Njoroge.

Mwanzo wa baridi nilimpeleka mzee wangu kliniki. Siku ya chanjo pale ni Jumatano. Nesi wa sasa anaitwa Kariuki, kijana mzuri, nilimfundisha mimi kushika sindano, na mpaka leo akiniona anaficha simu mfukoni.

"Sista, karibu. Guka, babu yetu, habari ya asubuhi?"

"Nzuri," nikasema. "Tumekuja kwa busta ya mzee."

Akajikuna kichwa. Hapo nikajua.

"Sista, mko wangapi?"

"Si unatuona."

"Sasa Sista, si unajua vile iko. Mwezi huu sijafungua hata moja. Nikitoboa kwa guka peke yake hizo zingine zote namwaga, na hizi zikiisha sijui kama nitaletewa zingine. Nitafutie watu. Hata wakija leo mchana, nakufungulia."

Nilitaka kumkasirikia na nikashindwa. Kila neno nililotaka kumwambia, alikuwa na jibu lake, na jibu lenyewe alilipata kwangu. Mimi ndiye niliyemwambia, miaka ile akiwa mwanafunzi, asije akatoboa chupa kwa sababu mtu ameleta machozi. Ni vibaya sana kukasirikia mtu ambaye hajakosea, maana hasira inakosa pa kwenda. Nikaenda nayo nyumbani.

Basi nikashika njia tena, kwa umri huu, kama ile siku ya mwavuli. Nilianzia Githurai 45 kwa Mama Shiro, anayeuza waru, yaani viazi, pale sokoni, rafiki yangu wa miaka mingi.

"Mkono ukivimba nani atanibebea gunia?" akaniuliza.

"Hauvimbi. Unauma kidogo."

"Kidogo ya nani?"

Nikaenda kwa Kamaa, yule wa bodaboda anayekaa kwa kona ya ploti yetu. "Shosho, hiyo ni ya wazee," akaniambia. "Mimi niko fiti." Akapenga kamasi huku akisema hivyo, akajipangusa kwa glavu ile ile anayompa abiria mkono nayo.

Nikaenda kwa Mzee Mbugua, mzee wa kanisa, mnayemjua kwa maombi yake marefu. Huyo alinikalisha, akanipa chai, halafu akaniuliza, "Mimi nilidungwa zile mbili. Hii ya tatu inaongezea nini? Kwani zile zilikuwa maji?" Nikamweleza polepole kwamba kinga mwilini hupungua jinsi muda unavyokwenda, na virusi vyenyewe havikai vilivyo, vinabadilika, ndiyo mwili unakumbushwa. Akatikisa kichwa kwa heshima sana. Akasema, "Nitaliombea jambo hilo." Nikamwambia aliombee akiwa amekaa kwa benchi la Kariuki. Akacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Nilizunguka hivyo mpaka miguu ikaniuma, na mwisho nikasema kile nilichokuwa sitaki kusema. Nikawaambia ni kwa ajili ya Baba Njoroge. Nikawaambia mapafu yake hayawezi kupigwa mara ya pili, chupa haifunguliwi kwake peke yake, na kama wananipenda wanisaidie kuijaza. Wote walishika mashavu. Wote walimtaja Mungu wakisema, "Ngai, Baba Njoroge." Na katika yote niliyosema, habari waliyoibeba kwenda nayo nyumbani ilikuwa moja tu, kwamba Baba Njoroge ni mgonjwa.

Sasa nyinyi ni wa huku, mnajua kinachofuata. Mtu wa kwetu ukimwomba aende kliniki apinde mkono wa shati, ana shughuli. Umwambie jirani ni mgonjwa, anafunga kibanda. Walianza kuja siku hiyo hiyo. Mkate, maziwa, sukari ambayo mwenye kisukari haruhusiwi, mboga ya sukuma kutoka shambani, uji kwa thermos. Walijaa sebuleni, na kwa vile ni baridi na kuna mgonjwa, wakafunga madirisha. Nikiamka nafungua. Nikigeuka, mtu amefunga. "Mama Njoroge, utammaliza na hiyo baridi." Na katika hewa hiyo nzito kama ya kupikia mandazi, watu wakakohoa. Mzee Mbugua alikuja na kikohozi chake mwenyewe, akamshika mume wangu mikono yote miwili, akamsimamia, na akaomba. Mnajua akiomba huwa hamalizi haraka. Nilimletea barakoa akiwa katikati. Aliipokea, akaitia mfukoni, akaendelea.

Na Baba Njoroge naye, badala ya kunisaidia, alikuwa amefurahi. Mzee wa watu, hajaona wageni wengi hivyo tangu tumwoze Njoroge. Amevaa koti zuri, anawauliza habari za watoto, anawaonya wasiondoke kabla ya chai. Nikimkazia macho ananikonyeza.

Ndipo nikaona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu siku hizo zote. Nilikuwa nazunguka Githurai na Mwihoko nikitafuta watu wa kujaza chupa, na watu wenyewe wamekaa kwa viti vyangu wanakula mkate. Akina mama wa kikundi chetu walikuwa wamesema watakuja Jumamosi, pamoja na Mzee Mbugua na watu wake. Nikampigia Kariuki. Nikamwambia aongee na mkubwa wake, aje na kile kisanduku cha barafu, mimi nina nyumba imejaa. Akacheka kwenye simu. "Sista, wewe huwezi staafu." Akaja.

Wageni walipomwona na kisanduku waliweka mkate chini. Nikasimama katikati ya sebule nikawaambia: Huyu ni Kariuki. Amekuja na chupa moja. Hakuna mtu nitamshika kwa nguvu, na aliye na homa leo asithubutu. Lakini mmetoka makwenu mkasema mmekuja kumsaidia Baba Njoroge, na hakuna msaada mwingine anaouhitaji. Mkate tunao.

Hapo aibu ikafanya kazi ambayo maelezo yangu yalishindwa. Mama Shiro ndiye aliyeanza kufungua sweta. Nikashukuru Mungu, kwa sababu ndiye anayecheka. Nikamnong'onezea Kariuki mlangoni, "Anza na mzee." Akaitikia. Halafu nikaenda jikoni, kwa sababu wageni wamejaa na chai haijapikwa, na hata ukiwa nesi wa dunia nzima, chai haijipiki.

Nikiwa huko nasikia vicheko. Namsikia Mama Shiro anauliza, "Ni hiyo tu?" Nasikia Mzee Mbugua anaguna. Nikajiambia, Sista Perpetua, uko wapi uone. Nilipika ile chai nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu nistaafu. Nikatoka na trei. Kila mtu ameshika kipamba begani. Hata mke wa kijana wa Mbugua, aliyekuwa ameingia tu kuleta thermos, ameshika kipamba. Na Baba Njoroge amekaa pale kwa kiti chake, kofia kichwani, koti limefungwa vifungo vyote, anatabasamu.

"Baba Njoroge, wewe umedungwa?"

"Niliwaacha wageni kwanza," akasema.

Nikamwangalia Kariuki. Anaangalia viatu.

"Sista, imeisha."

"Nilikwambia nini pale mlangoni?"

"Nilianza na guka. Akakataa. Nikarudi kwake tena, akanishika mkono akaniambia, 'Kijana wangu, watu wametoka mbali, mimi niko kwangu, nitawapitaje?' Halafu huyu wa thermos akaingia, guka mwenyewe akamsogezea kiti. Sasa Sista, ningemvua guka koti kwa nguvu?"

Niliweka trei chini. Mama Shiro, ambaye alikuwa ameanza kuelewa, akauliza kwa sauti ndogo kama ile yake haiwezi kutolewa. Baba Njoroge akasema, "Nyinyi kunyweni chai. Nitadungwa siku nyingine." Na Kariuki hakuwa na chupa ya pili, na hata angekuwa nayo, nyinyi sasa mnajua hesabu yake: ingefunguliwa kwa nani?

Nimekaa na mume huyu tangu nikiwa msichana, na siku hiyo nilimkasirikia kuliko siku zingine zote. Usiku nilimpa mgongo. Alinigeukia akaniuliza kama ningefurahi wageni waseme amejihudumia kwanza nyumbani kwake. Nilimwambia ndiyo, ningefurahi sana.

Kabla Jumatano haijafika, homa ikampanda. Kile kikohozi cha sala za Mbugua kilikuwa kimeshaingia kazini. Kikashuka kifuani, kikawa nimonia, akalazwa Thika akiwa na mpira wa oksijeni puani. Nilikaa kando ya kitanda nikiangalia kifua chake kikipanda na kushuka. Niliogopa. Nimekaa na wagonjwa maisha yangu yote na najua maneno ya kumwambia mke wa mgonjwa, na hakuna hata moja lililonisaidia. Walimpima, ikawa si korona, ni homa ya msimu, hiyo hiyo ya "ni homa tu". Daktari, msichana mdogo wa rika lenu, alinitoa nje akaniambia, "Sista, amepona hii kwa bahati. Korona bado inazunguka. Ikimkuta hivi alivyo, sitakudanganya."

Mzee Mbugua alikuja kumwona. Hakuingia wodini. Alisimama nje ya dirisha, na barakoa imefunika mpaka karibu macho, akapunga mkono. Mtu wa kuomba mpaka chai inapoa, siku hiyo alipunga tu. Baba Njoroge akapunga pia. Sikujua kama nicheke au nilie, nikaenda kumletea mzee maji.

Sasa yuko nyumbani. Amekonda, koti linamning'inia, lakini amepata nguvu kidogo na daktari amesema anaweza kudungwa, tena haraka, maana baridi bado ipo. Nikampigia Kariuki. Mnajua alichosema. Jumatano, Sista, ukiwa na watu.

Na watu wangu wameisha. Mama Shiro, kikundi chote, Mzee Mbugua na watu wa nyumba yake, wote walidungwa sebuleni kwangu na zamu yao nyingine ni mbali. Mbugua alikuja kujitolea adungwe tena. Nikamwambia chanjo haiendi hivyo, akaenda nyumbani ameinama. Yaani wote niliokuwa nao duniani niliwatumia kujaza chupa moja, na aliyekosa ni yule ambaye ilifunguliwa kwa ajili yake.

Muthoni, uliniomba kitu cha kuwatia moyo vijana. Hiki ndicho nilicho nacho. Najua mko fiti. Najua homa zenu mnazimaliza kwa siku mbili mkiwa mmelala na simu. Lakini nimewahesabu kwa macho pale kwaya, na nyinyi mnatosha chupa na kubaki. Jumatano asubuhi, pale kwa Kariuki. Mlio watu wazima tayari. Mmeelewa, si watoto wa Sunday school. Aliye na homa siku hiyo abaki nyumbani. Aliye na swali amuulize Kariuki, na akiona zamu yako haijafika atakwambia. Asiyetaka, sitamfuata. Leteni na Kamaa wa bodaboda, mwambieni glavu aziache. Na kwa jina la Mungu vaeni sweta za vifungo.

Baba Njoroge atakuwa amekaa pale kwa benchi na kofia yake. Akiwaona mmejaa atafurahi, atasimama, atawasogezea nafasi, atawaambia mtangulie kwa sababu nyinyi mna masomo na kazi na yeye hana haraka. Atasema kwa upole sana, na wazazi wenu wamewafundisha vizuri, mtataka kumtii. Msimtii.